Mkisifu kasri za Uskoti, tuambieni na ardhi yake

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu makala za utalii tunazosoma kila mara juu ya kasri na majumba ya Uskoti. Picha huwa nzuri, nasi huhesabiwa vyumba (vya kasri la Dunrobin vimefika 189) na kuelezwa bustani zilivyopangwa. Ardhi yenyewe ilipatikanaje, na nani alikuwa akiilima kabla, hapo kalamu hunyamaza.

Mimi nimezaliwa Mombasa katika nyumba bila ardhi. Wenzangu wa Pwani hawahitaji kufafanuliwa. Marehemu baba alijenga kwa jasho lake, akatoa makuti akaweka mabati, lakini kila mwisho wa mwezi alibisha hodi mtu na kitabu cha risiti, kukusanya kodi ya kiwanja kwa niaba ya mwenyewe ambaye hatukuwahi kumwona. Mama alizitunga zile risiti kwenye msumari nyuma ya mlango, asije mtu akasema hatukulipa.

Wakulima wa nyanda za juu za Uskoti waliishi hivyo hivyo. Mkulima alijenga nyumba kwa mikono yake, ila kiwanja ni cha bwana. Bwana alipoona kondoo wana faida kuliko watu, alimfurusha. Katika bonde la Strathnaver, mali ya Bibi wa Sutherland, mwenye hilo kasri la Dunrobin, watu waliondolewa mwaka 1814 na tena 1819, nyumba zikatiwa moto. Msimamizi Patrick Sellar alishtakiwa Inverness mwaka 1816, akaachiwa huru. Ilibidi kungoja hadi 1886 sheria impe mkulima mdogo haki ya kutofukuzwa ovyo na kulipwa fidia ya alichojenga.

Kuna kanisa dogo mahali paitwapo Croick. Mwaka 1845 watu wa bonde la Glencalvie walifukuzwa, wakajisitiri kwenye hema uani mwa kanisa, kati ya makaburi. Wakakwaruza maneno kwenye vioo vya dirisha, kwa nje, na bado yanasomeka. Lugha yao ilikuwa Kigaeli lakini waliandika kwa Kiingereza, nadhani wakitaka wapitao wasome. Mojawapo linasema: watu wa Glencalvie, kizazi kiovu. Mtu ametolewa nyumbani kwake, na bado anajihesabia yeye ndiye mwenye dhambi! Nikiyafikiria maneno hayo nashindwa kusifu mnara wa kasri lolote.

Fedha nazo zina asili yake. James Matheson alitajirika kwa kuuza kasumba, yaani afyuni, China, akanunua kisiwa cha Lewis mwaka 1844 na kujijengea kasri mjini Stornoway. William Mackinnon, mzaliwa wa Campbeltown, alitajirika kwa meli na biashara ya India, akamiliki jumba la Balinakill huko Kintyre. Huyu tunamjua sisi. Ndiye aliyepewa mwambao wetu na Sultan Barghash kwa mkataba wa 1887, na mwaka uliofuata kampuni yake ikapata hati ya kifalme ya kuitawala Afrika Mashariki. Kila apandaye basi la Nairobi kutoka Mombasa hupita mji wa Mackinnon Road, uliobeba jina lake. Mwandishi wa Kiswahili akifika Kintyre asiutaje mwambao, ameacha habari iliyomhusu yeye mwenyewe.

Na msidhani nataka simulizi za machozi tu. Mwaka 1923 ardhi ya Stornoway, pamoja na kasri la Matheson, iliachwa mikononi mwa wenyeji. Mwaka 1993 wakulima wadogo wa Assynt walichanga na kununua ardhi waliyokuwa wapangaji wake. Tarehe 12 Juni 1997 ikaja zamu ya kisiwa cha Eigg: wakazi wasiofika mia, wakisaidiwa na michango ya watu wa mbali, walikinunua kwa pauni milioni 1.5. Tangu 2008 wana umeme wao wa maji, upepo na jua, na kila nyumba ina kikomo cha kilowati 5 ili utoshe wote. Sheria ya 2003 iliwapa wenyeji haki ya kutangulizwa ardhi yao inapouzwa, na tarehe 28 Novemba 2004 ukabaila wenyewe ukafutwa kisheria.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, mkichapisha tena picha ya kasri, ongezeni japo aya moja: nani aliondolewa hapo, fedha za kununulia zilitoka wapi, na hati miliki leo inashikwa na nani. Na mwandishi wenu akipata safari ya huko, mpitisheni Eigg. Awaulize wenyeji walivyochanga, walivyomkabili mwenye ardhi, na aandike hatua kwa hatua. Hapa Mombasa, mitaa ya Majengo na Likoni, wako watu wanaosubiri kusoma hayo, na risiti zao ziko kwenye msumari.

Msomaji wenu,
Mombasa