Vikundi vya useremala vinunue klampu kabla ya mashine

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wanaoanza useremala, pamoja na maofisa maendeleo ya jamii wanaowasaidia kuandika maombi ya mikopo. Mimi ni fundi wa Keko, Dar es Salaam, na kazi yangu ni milango, meza na makabati.

Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya vijana hupita kwetu kuulizia bei kabla ya kuomba, na orodha zao nazisoma. Utakuta mashine ya randa, msumeno wa meza, ruta ya kuchonga kingo, kompresa ya kupulizia vanishi. Klampu, yaani vibano vya kushikilia mbao zilizopakwa gundi hadi zishikane, hazimo, au zimo mbili tu mwisho wa karatasi. Linaniuma sana hilo, maana mbao iliyopigwa randa vizuri kisha ikaungwa vibaya ni mbao iliyopotea, na mninga siku hizi si wa kuchezea.

Kiungo kisipobanwa, fundi hukimbilia msumari. Msumari unashika pale ulipopita tu. Sehemu nyingine yote gundi inakauka katikati ya uwazi. Mbao ikiendelea kunywea, mteja anaona ufa kwenye mlango alioulipia mninga. Wapo wazee wa kazi wanaobana kwa kabari na mipira ya matairi, na wanafanya vizuri mno, lakini ujuzi huo haupatikani kwa mwezi mmoja.

Sasa, vijana huniambia klampu ni ghali. Nzito za Ulaya ni ghali kweli. Lakini zile nyepesi za Kichina zinazouzwa madukani mtaa wa Gerezani hapa Dar es Salaam, kwa bei ya moja ya Ulaya unabeba kadhaa, na wingi ndio unaotakiwa. Piga hesabu ya meza ya futi 5: ukiweka klampu kila futi moja, unahitaji sita. Gundi nyeupe inataka kubanwa nusu saa hadi saa nzima, na siku nzima kabla ya kubebeshwa uzito. Mwenye klampu mbili atabana nini?

Nyepesi zina kasoro zake, na fundi lazima azijue. Chuma chake kinapinda ukikaza kwa nguvu, na kikipinda kinainua mbao katikati. Kwa hiyo panga moja chini, moja juu, hivyo hivyo hadi mwisho, na uache kukaza gundi inapoanza kutoka kwa matone madogo kwenye mstari wa kiungo. Ukiikamua yote, kiungo kinabaki kikavu. Kama kiungo hakifungi bila kukaza sana, rudi kwenye randa. Zile za alumini zenye uwazi ndani, chonga ufito wa mbao ngumu uujaze humo, utaona zinavyokakamaa. Kichwa kinachotembea kikianza kuteleza, kwangua gundi iliyoganda kwenye chuma na upitishe tupa kwenye meno. Grisi ni ya skrubu peke yake. Ikifika kwenye chuma, kichwa hakishiki tena. Vile vifuniko vya plastiki vya pale klampu inapogusa mbao vitadondoka tu, weka vipande vya paini ili mbao isipate makovu. Na tandika karatasi ya nailoni chini ya chuma, hasa ukiunga mninga au mtiki, kwa sababu chuma kikikutana na maji ya gundi kinaacha doa jeusi linaloingia ndani.

Joto letu nalo halisubiri mtu, gundi hukauka upesi. Panga kila kitu kikavu kwanza, klampu zikiwa zimefunguliwa upana wake, ndipo upake gundi. Ukibana fremu ya mlango, pima kwa mshazari, pembe hadi pembe, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, sogeza klampu sasa hivi, kesho itakuwa imechelewa.

Kwa milango mirefu kuna njia nafuu zaidi: nunua vichwa vya klampu peke yake, uvivalishe kwenye bomba la chuma la robo tatu ya inchi. Bomba moja la futi 20 linatoa vipande vitano vya futi 4, na havipindi kirahisi.

Ombi langu kwa maofisa ni hili: kikundi cha useremala kikileta orodha yenye mashine tatu bila klampu, waulizeni wataunga kwa nini. Ikibidi ruta isubiri awamu ijayo, isubiri. Na wenye maduka ya Gerezani, leteni vichwa vya bomba kwa wingi. Tukivifuata mara nyingi tunaambiwa vimekwisha.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam