Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tulivyorudi Kwenye Kuchomoa Upanga

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji ya chama chetu cha iaido, sanaa ya Kijapani ya kuchomoa upanga, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka unaoishia na mkutano huu. Hesabu atazisoma mweka hazina. Kwa upande wangu nasema tu kwamba ada zimetosha kulipia ukumbi, na salio lililobaki kamati inapendekeza linunue panga za mazoezi kwa ajili ya wanachama wapya.

Mkutano uliopita ulituagiza tusiongeze kata mpya, yaani mifuatano ya mapigo iliyopangwa, mpaka tuwe tumerudi kwenye kuchomoa. Agizo hilo ndilo lililotawala mwaka mzima, na najua si wote waliolifurahia. Wako waliouliza kwa nini mtu anayezijua kata zote 12 za Seitei, seti ya pamoja inayotumika kwenye mitihani, arudishwe kwenye Mae, ile ya kwanza kabisa. Wanastahili jibu mbele ya wote.

Mae inaonekana nyepesi. Umekaa seiza, yaani umepiga magoti na kukalia visigino, adui amekaa mbele yako. Unapohisi amekusudia kushambulia unamtangulia: upanga unatoka alani na papo hapo unakata kwa ulalo usawa wa panja zake, kisha unainuliwa juu ya kichwa na kushushwa wima. Pigo lile la kwanza, nukitsuke, ndilo linaloitofautisha iaido na kendo, sanaa ya Kijapani ya kupambana kwa upanga, ambako upanga huwa tayari uko nje. Anayeanza hulitupia mzigo wote mkono wa kulia. Mkono huo ukivuta peke yake ncha haitoki mpaka bega linyanyuke, na bega likinyanyuka adui ameshaonywa. Kazi kubwa ni ya mkono wa kushoto. Kidole gumba kinasukuma kikinga-mkono ili mdomo wa ala ufunguke, kisha ala yenyewe inavutwa nyuma ubavuni wakati ncha inapokaribia kutoka. Hiyo ndiyo sayabiki. Aliyeishika vizuri haonekani kuharakisha, na bado upanga wake umeshafika.

Iko pia sababu ya usalama. Ala hutengenezwa kwa mti mwepesi wa ho, jamii ya magnolia, vipande viwili vilivyogandishwa pamoja. Mwenye upanga wa kweli akichomoa huku makali yakisaga ndani ya ala, makali hayo yanaweza kuupasua mti na kufika kwenye vidole vinavyoishika. Panga zetu za aloi hazina makali, kwa hiyo zinamsamehe mtu kila siku, na mwili unazoea kusamehewa. Mwalimu wetu alisimama juu ya jambo hili mwezi baada ya mwezi. Namshukuru kwa dhati, hasa kwa kuwa hakukubali kubembelezwa.

Matokeo yameonekana kwenye mitihani ya madaraja. Waliopanda mwaka huu walisifiwa utulivu wa mkono wa kushoto. Wasiofaulu wasivunjike moyo: nchini Japani, kwenye shirikisho la kendo linalosimamia Seitei, mtu haruhusiwi hata kujaribu dan (daraja) ya 8 kabla ya kutimiza miaka 46 na kupitisha miaka 10 tangu apate ya 7.

Suala lililochukua muda mrefu zaidi kwenye vikao vya kamati ni pendekezo la kuacha kata za Muso Jikiden Eishin-ryu, mkondo wa kale tunaoufuata, na kubaki na Seitei peke yake, kwa kuwa ndizo zinazotahiniwa. Nililipinga, na nataka sababu zangu zijulikane. Seitei ni kipimo cha pamoja. Shirikisho lilitoa kata 7 mwaka 1969, likaongeza 3 mwaka 1980 na 2 mwaka 2000, ili watu wa mikondo mbalimbali waweze kuhukumiwa kwa kanuni moja. Kazi hiyo inaifanya vyema. Lakini kipimo hicho kilichotwa kwenye mikondo ya kale, na mkondo wetu mapokeo yake yanarudi hadi kwa Hayashizaki Jinsuke Shigenobu wa karne ya 16, yule anayesimuliwa kuwa aliomba kwenye hekalu, katika mkoa unaoitwa leo Yamagata, apate nguvu ya kumlipizia baba yake kisasi. Katika zama za Edo ukafika Tosa, sasa Kochi, na huko ukahifadhiwa. Amri ya mwaka 1876 iliyokataza watu kuvaa panga hadharani ingeweza kuuzika kabisa. Ulivuka kwa sababu wachache waliendelea kufundisha kitu ambacho hakikuwa na matumizi tena. Oe Masamichi, aliyefariki mwaka 1927, ndiye aliyezipanga kata katika ngazi tunazozifuata hadi leo. Nakayama Hakudo naye alijifunza kutoka Tosa, na kwake ukatoka mkondo ndugu wa Muso Shinden-ryu. Tukiacha sehemu hiyo tutabaki na majibu ya mtihani bila somo lenyewe.

Kamati imekubaliana kwamba kipindi cha kwanza cha kila wiki kiwe cha Seitei na cha pili kiwe cha Eishin-ryu. Naomba mkutano huu uthibitishe uamuzi huo.

Mwaka ujao tutaanza kata za tatehiza, zile za kukaa goti moja likiwa limeinuliwa. Zinaumiza mwanzoni. Wenye matatizo ya magoti wamwone mwalimu mapema: katika Seitei, kuanzia ya tano hadi ya mwisho kata zote ni za kusimama, na hakuna atakayeachwa nyuma kwa sababu ya afya.

Nafasi ya katibu iko wazi, kwani aliyeishika kwa uaminifu amehamia mji mwingine. Majina ya wagombea yapokelewe na mweka hazina kabla ya kura kuanza.