Salamu za Pasaka: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki, Bwana Yesu asifiwe. Nawasalimu nyote kwa furaha ya Ufufuko, nikiwatakia Pasaka njema yenye heri, amani na baraka tele, ninyi pamoja na watoto na wazee wenu.

Tumeifikia sikukuu hii kwa kujikongoja. Unga, sukari na mafuta vimepanda bei tangu kabla ya Kwaresima, na nyumba nyingi sasa zinapika kwa kuhesabu vichwa. Kwetu kuhesabu huko kuna uchungu wake. Marehemu mama, tuliyemzika Juni iliyopita, hakupakua chakula bila kujaza sahani moja ya bati yenye ua jekundu na kuifunika kwa kawa, akisema ni ya atakayebisha hodi. Tangu aondoke, sahani hiyo imo kabatini, imepinduliwa, nasi tunasingizia bei.

Nimesoma Agano la Kale Kwaresima yote nikiikumbuka. Ibrahimu, ameketi mlangoni pa hema penye mialoni ya Mamre, jua likiwaka, aliona watu watatu asiowajua akapiga mbio kuwalaki. Aliahidi kipande cha mkate tu, kisha akamhimiza Sara akande vipimo vitatu vya unga, akachagua ndama laini, akasimama karibu nao chini ya mti wakila. Hakuwauliza watokako. Lakini Ibrahimu alikuwa na mifugo tele. Anayenishinda mimi ni mjane wa Sarepta, katika nchi ya Sidoni, ambaye Eliya alimkuta wakati wa ukame akiokota kuni mbili za kupikia konzi yake ya mwisho ya unga, ale na mwanawe, kisha wafe. Aliombwa amwandalie mgeni kwanza, tena mgeni wa taifa lingine. Akaandaa, na unga haukupunguka pipani wala mafuta chupani. Kama kuna nyumba ambamo mgeni alikuja na mwenyeji akapona, ndiyo hiyo.

Wala Torati haikuuacha ukarimu uwe hiari ya mwenye nacho. Iliagiza pembe za shamba zisivunwe na masazo yasikusanywe, yawe ya maskini na mgeni. Kwa agizo hilo Ruthu Mmoabi alipata kuokota katika shamba la Boazi, naye akawa bibi mzaa babu wa Daudi. Sababu iliyotajwa ni moja, nayo inarudiwa tena na tena: mlikuwa wageni katika nchi ya Misri, mwaujua moyo wa mgeni. Basi, ndugu zangu, tutailaje Pasaka, karamu ya watu waliotoka ugenini, huku geti limefungwa? Tumfungulie aliyenyeshewa na masika, tumpe maji kabla ya maswali, tuwafundishe watoto kumpisha kiti. Tena tusimhesabie siku kabla hajavua viatu.

Jumapili sahani ya mama itateremshwa, itaoshwa, itajazwa wali na kufunikwa. Tukitoka ibada ya kwanza tupo nyumbani, na mlango u wazi. Karibuni sana.