Wimbo usiojua utaisha lini

Tanga, Jumapili usiku

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, na mwambie mama ile achari aliyonipa imekwisha, mtungi naurudisha. Huku hatujambo, ni mvua tu inayotuonea.

Ule ujumbe wako wa sauti wa Ijumaa nimeusikiliza mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika. Ati Joe Hisaishi, wa muziki wa filamu, ni mtunzi, lakini Koji Kondo, wa muziki wa gemu, ni "fundi wa milio ya simu"! Mpiga fidla wa taarabu mzima unasema hivyo? Nikaona huyu simu haimtoshi, anahitaji kuandikiwa.

Kwanza nikupe haki yako. Kwa Hisaishi sina ubishi. Juzi nimeirudia filamu ya katuni, Spirited Away ya 2001, nikafika pale yule binti Chihiro anapopanda treni inayopita juu ya maji. Abiria wenzake ni vivuli, hakuna anayesema neno. Piano inaweka noti, inangoja, inaweka nyingine, kama mtu anayepapasa ngazi gizani. Kisha fidla zinaingia chini kwa chini, hata hodi hazipigi. Chai ilipoa mkononi mwangu. Na jina lake lenyewe ni mzaha wa mwanamuziki: alizaliwa Mamoru Fujisawa, akampenda mwanamuziki wa Marekani, Quincy Jones, akatafuta herufi za Kijapani zinazokaribia kutamka "Quincy", na herufi hizo hizo zinasomeka pia Hisaishi. Jo ndiyo Jones.

Lakini tazama anafanya kazi na nini. Filamu ikifika mezani kwake, mlango unajulikana utafunguka sekunde ya ngapi na machozi yatadondoka ya ngapi. Ana saa mkononi. Ana hata ruhusa ya kunyamaza, na Wajapani kunyamaza wanakujua. Castle in the Sky ya 1986 ilikuwa na sehemu ndefu zisizo na muziki kabisa, hadi Disney walipotaka kuitoa Marekani ikabidi Hisaishi aongeze muziki, maana kule kimya kilionekana kirefu mno. Mimi naitaka ile ya zamani.

Na kwa kunyamaza, mtunzi mwingine wa filamu, Toru Takemitsu, alikuwa hana mpinzani. Itafute Ran, filamu ya mwongozaji Kurosawa, ya 1985, uende moja kwa moja kwenye vita vya ngome. Mishale inanyesha, watu wanaanguka, damu inatiririka ngazini, na husikii hata kwato ya farasi. Sauti zote za vita zimeondolewa, imebaki okestra peke yake inaomboleza. Unatazama maangamizi kama aliyekwisha kufa. Halafu bunduki moja inalia, na makelele yote ya dunia yanarudi kwa mpigo. Mambo ya namna hiyo yanawezekana kwa sababu mtunzi anajua bunduki italia lini.

Sasa mwondolee saa hiyo.

Unakikumbuka kile kibanda cha gemu, TV ya chogo, padi moja imefungwa na utepe, na foleni ya watoto mpaka barabarani? Mimi steji ya kwanza ya Mario nilikuwa naikalia mchana kutwa. Wewe ulikuwa unaimaliza huku unatafuna ubuyu. Muziki ule ule ulitutosha wote wawili. Kondo hakujua mimi nitakwama kwenye shimo lile lile mara arobaini. Ilibidi atunge duara la muziki ambalo mtu akilisikia mara ya arobaini hatatupa padi ukutani, na wenzake walio kwenye foleni bado watatingisha mabega. Mwaka 1985, na mashine ya kutoa sauti tano tu: mbili za kuimba, moja ya besi, moja ya mchakacho wa "shh" ambayo ndiyo ngoma, na moja ya vipande vya sauti vilivyorekodiwa. Kila sauti noti moja kwa wakati. Mpe mpiga kinanda wenu vidole vitatu na manyanga, umwambie acheze harusi nzima, uone atakavyokutazama.

Na saa ya gemu ikibaki mia, unakumbuka? Wimbo unaanza kukimbia. Sote tulikuwa tunapiga kelele, hata yule mwenye kibanda aliyekuwa anajifanya anasoma gazeti. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo huo kwenye hazina yake ya rekodi za kuhifadhiwa, wa kwanza kutoka kwenye gemu. Milio ya simu hiyo, sahibu?

Hapa ndipo nilipokasirika, maana haya yote wewe unayafanya. Ile harusi ya Pongwe: mwimbaji amefika kibwagizo, kina mama wameanza kuja kutunza, foleni imetoka ukumbini. Mlikata wimbo? Mlikizungusha kibwagizo, wewe na mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, mnatazamana, mara unatia nakshi, mara unamwachia yeye, mpaka mama wa mwisho alipokwisha kucheza na noti yake, ndipo mkaingia ubeti unaofuata. Hakuna aliyewaambia itachukua dakika ngapi. Basi Kondo anamtungia mama wa foleni asiyemwona.

Mwaka 1998, kwenye gemu ya Zelda, ile ya Ocarina of Time, alilipeleka jambo hili mbali zaidi. Kuna uwanda mkubwa unaoupita mara nyingi mno. Badala ya duara moja, aliandika vipande vya vipimo vinane vinane, gemu yenyewe ikawa inavipanga ovyo. Adui akisogea, vinaingia vipande vya hatari. Ukisimama tu kutazama mawingu, muziki nao unatulia. Kila kipande lazima kikubali kufuatwa na chochote. Nimeshindwa kulala nikiwaza mtu anaandikaje hivyo.

Nobuo Uematsu, mtunzi mwingine wa gemu, ni habari nyingine, na nakiri yeye anaelekea upande wako, kwenye sinema. Alijifundisha mwenyewe, alikuwa anafanya kazi duka la kukodisha muziki kabla kampuni ya gemu ya Square haijamchukua. Kwenye gemu ya Final Fantasy VI ya 1994 akatia opera, kwenye mashine isiyoweza kuimba! "Mwimbaji" ni mlio tu, maneno yanapita kwa maandishi, na wewe mchezaji lazima uwe umeyakariri, maana katikati ya jukwaa unaulizwa mstari gani unafuata. Ukikosea, onyesho linaharibika. Nilikosea. Nilikuwa mtu mzima na nikatoka jasho.

Wengine nawapita. Ryuichi Sakamoto, mtunzi wa filamu, alipofariki tulishamlilia pamoja 2023, na Yoko Shimomura wa gemu ya Street Fighter II anahitaji barua yake. Ila Olimpiki ya Tokyo, 2021, mimi nasubiri bendera yetu, nasikia wanariadha wanaingizwa kwa muziki wa gemu ya Dragon Quest, wa mtunzi Koichi Sugiyama! Nilimwamsha mke wangu. Hakufurahi.

Na usinijibu kwa "Baba Yetu", nakujua. Ni wa gemu, ni wa Kiswahili, na ulipata Grammy 2011, lakini Christopher Tin ni Mmarekani. Tunazungumza Wajapani.

Kuna flashi nimempa kijana wa basi la saa kumi na mbili. Fungua faili la tatu, lile la uwandani, usitazame picha. Likifika dakika ya pili chukua fidla uingie utakapopata nafasi, kama siku ile ya Pongwe, na wa kanuni awepo. Rekodi, unitumie hata kama mmeboronga.

Mtungi unakuja na flashi hiyo hiyo, mwambie mama.

Ni mimi nduguyo,
wa Chumbageni