Risala ya Umoja wa Vijana wa Usharika kwa Mgeni Rasmi, Harambee ya Safari ya Uinjilisti Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mchungaji wetu Kiongozi, wazee wa kanisa, wainjilisti, wazazi wetu na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Bwana Yesu asifiwe!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya vijana wenzangu nakukaribisha nyumbani. Tunasema nyumbani kwa sababu ulibatizwa hapa hapa, katika lile kanisa la zamani ambalo sasa tunahifadhia mbegu za viazi. Kadi ilisema saa nne, nawe umefika saa nne na nusu. Mgeni rasmi wa mwaka jana alifika saa nane, kwa hiyo pokea shukrani zetu za dhati.

Historia yetu ni ndefu ila tutaikimbiza. Wamisionari wa Berlin waliingia nyanda hizi kupitia Ziwa Nyasa mwaka 1891. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania likaundwa mwaka 1963. Umoja wetu ukaanza na vijana 9, leo tuko 74. Ya katikati utasimuliwa na wazee wakati wa chakula.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio ni mengi. Tumefungua ofisi ya vijana, yenye meza, nyuma ya chumba cha mchungaji cha kuvalia. Kwaya yetu ilishika nafasi ya nne katika mashindano ya jimbo zima, ambapo kwaya zilizofika zilikuwa tano kwa sababu ya mvua. Tuna mradi wa kuku wa kienyeji ulioanza na kuku 40. Kideri kilipita, waliobaki ni 9, lakini ni wazima na wanataga. Tulilima pia ekari moja ya viazi mviringo. Tulivuna magunia 41, ambayo mnunuzi alipoyafunga lumbesa yakawa 28, na fedha iliyopatikana ndiyo msingi wa mfuko wa safari ninayokuja kuieleza.

Safari hiyo ni ya uinjilisti jijini Dar es Salaam, mwezi Juni shule zikifungwa. Wapo wanaouliza kwa nini vijana wa huku kwenye baridi wapeleke Injili kwenye jiji ambalo kanisa la Kilutheri la Azania Front limesimama tangu enzi za Wajerumani, na kila mtaa una spika za mahubiri. Ni swali zuri. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na baadhi yao ni wa kwetu. Wewe mwenyewe unajua, maana wengi walikwenda kwa mabasi yako. Simama Kariakoo, mtaa wowote wa nguo, useme "Kamwene!", salamu yetu ya huku, kwa sauti, uone vichwa vingapi vitageuka. Wavulana wetu wako pale wanatembeza bidhaa, wengine wanaendesha bodaboda Manzese na Tandale. Mabinti zetu wako ndani ya mageti wanalea watoto wa watu, na Jumapili kwao ni siku ya kufua. Hao ndio tunaowafuata. Wakati wa Krismasi wakikosa nauli, majina yao yanasomwa hapa kanisani tunawaombea, basi.

Mwaka jana tulikwenda. Vijana 58 walikuwa wamejiandaa: wamefanya vibarua vya kubeba mbao, wameshona sare, wamejifunza nyimbo 12. Wiki mbili kabla ya safari mgeni rasmi wetu wa wakati huo alisimama hapo ulipoketi wewe, akasema, "Suala la usafiri niachieni mimi." Vigelegele vilipigwa. Tukamwachia. Hadi jana jioni bado tulikuwa tumemwachia.

Siku mbili kabla ya kuondoka tukakodi Coaster ya bei tuliyoiweza. Ikabeba 28. Waliobaki walikuwa 30, na kwa kuwa walioingia kwanza ni waliokuwa wamekamilisha michango, tulipofika Morogoro ndipo mwalimu wa kwaya akagundua kwamba sauti ya nne yote imebaki Njombe. Besi wetu ndio wabeba mbao, Mheshimiwa, na tajiri wao alikuwa hajawalipa. Tuliimba Tandale siku tatu tukiwa na sauti tatu. Watu walisikiliza kwa heshima.

Hata hivyo Mungu alitenda. Vijana 11 walikata shauri, na 3 kati yao ni watoto wa usharika huu huu tuliokuwa tumewapoteza. Tulitembelea wagonjwa na tukapita nyumba kwa nyumba, tukiwa na masweta tuliyotoka nayo huku kwa sababu hakuna aliyetuambia Juni ya Dar ikoje.

Kwenye geti moja tulimkuta binti wa kwetu. Aliruhusiwa dakika chache. Alitusalimia mmoja mmoja, akahesabu nyuso, kisha akauliza, "Na kaka yangu je? Si nilisikia kwaya yote inakuja?" Kaka yake anaimba sauti ya nne. Tulimwambia kwamba gari lilijaa. Akasema sawa, akatupa shilingi elfu tano tumpelekee, akarudi ndani. Huyo kaka yupo hapa, amekaa benchi la nyuma, na ameniruhusu nilisome hili.

Kurudi, Coaster ilichemka kwenye mlima Kitonga. Tuliupanda kwa miguu usiku, ngoma kichwani, malori yakitupita. Mwenye gari hatumlaumu. Gari lilikuwa la kadiri ya fedha yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunafika kwenye ombi letu, na kwa heshima yako ni moja tu. Tungeweza kuomba spika, kwa sababu mwaka juzi tuliahidiwa nne pamoja na mashine yake, ikaja maikrofoni moja isiyo na waya, ambayo bado tunaitunza. Tungeweza kuomba fedha, kwa sababu tuliwahi kuahidiwa shilingi 2,000,000 na mtu aliyesema tumpigie Jumatatu. Hakutaja Jumatatu ipi. Mhazini wetu amempigia Jumatatu nyingi, hata binti wa mtandao anayesema simu haipatikani tumemzoea.

Ombi letu ni basi. Si kupewa, ni kuazimwa. Basi moja la abiria 60 litutoe Makambako alfajiri ya tarehe 12 Juni na kutushusha Mbezi. Halina haja ya kutusubiri. Lirudi kwenye ruti yake lipakie abiria kama kawaida, kisha litufuate tarehe 17. Tumeulizia kukodi: tumetajiwa shilingi 5,200,000 kwenda na kurudi. Tulizonazo, pamoja na viazi, mbao na mayai ya wale kuku 9, ni shilingi 1,870,000. Fedha hiyo yote tunaiweka kwenye mafuta, na posho ya dereva na kondakta wake ipo ndani yake. Tunafahamu kwamba basi kukosa abiria wa kulipa siku mbili ni hasara kwako, hatujifanyi hatujui. Lakini tunafahamu pia kwamba, kati ya wote waliowahi kuketi kwenye kiti hicho, wewe ni wa kwanza ambaye kitu tunachokiomba tayari unacho, na kimepaki umbali wa saa moja kutoka hapa.

Kama haitawezekana, tunaomba kwa unyenyekevu utuambie leo hii, hapa hapa, kabla ya pilau. Hatutanung'unika. Tutapunguza majina mapema, na safari hii tutahakikisha angalau besi wawili wanapanda.

Daftari la ahadi, Mheshimiwa, hatukulileta. Limejaa. Katibu msaidizi anakuja mbele na kalenda ya ukutani. Tarehe 12 na 17 zimezungushiwa wino mwekundu, na pembeni tumeacha nafasi ya kuandika namba ya basi na simu ya dereva. Kalamu anayo.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Maandalizi ya Safari