Bhand Pather haistahili kupuuzwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu ya hivi karibuni iliyoyataja maigizo ya jadi ya India kwa sentensi moja, ikayaita vichekesho vya vijijini, kisha ikakimbilia filamu za Mumbai.

Kwa Bhand Pather, maigizo ya jadi ya Kashmir, eneo la milimani kaskazini mwa India, maelezo hayo hayatoshi hata kidogo. Waigizaji wake, waitwao bhand, hutoka katika vijiji kama Akingam na Wathora. Kazi hii hurithishwa baba kwa mwana pasipo maandishi, nao huicheza mchana kweupe, uani au penye makaburi ya mawalii, kwa ngoma na nzumari, watazamaji wakiwa wamewazunguka.

Ukiitazama Darza Pather, mmoja wa michezo yao, kwa makini, utaona anayechekwa hasa ni nani. Mfalme huingia akibwabwaja kwa lafudhi ya Kiajemi maneno ambayo hakuna mwanakijiji anayeyaelewa. Wachekeshaji, yaani maskhara, humjibu kwa Kikashmiri na kuigeuza kila amri iwe jambo jingine kabisa. Wakikosea huchapwa mjeledi unaolia kama baruti, ingawa haumuumizi mtu. Huruka, hugaagaa, huomboleza kwa madoido, halafu hukosea tena, makusudi. Katika Angrez Pather anayebwabwaja ni bwana wa Kiingereza.

Mzaha huu haukuzuka hivi hivi. Kashmir ilitwaliwa na Wamogoli, nasaba ya Kiislamu iliyotawala India kaskazini, mwaka 1586, wakaja Waafghani, kisha Masingasinga mwaka 1819, na mwaka 1846 Waingereza wakamkabidhi Gulab Singh, mtawala wa Jammu, nchi hiyo kwa rupia milioni 7.5, pamoja na wenyeji wake, ambao hakuna aliyewauliza. Mkulima aliyetawaliwa kwa lugha asiyoijua alikuwa na njia chache za kumjibu mkubwa. Mojawapo ilikuwa kumwigiza mbele ya kijiji kizima, na mkubwa mwenyewe, kama yupo, ilimbidi acheke pamoja na wengine, la sivyo akiri kwamba ndiye anayesemwa. Kwa maoni yangu hiyo ni siasa, tena ya watu werevu.

Machafuko ya kisiasa yaliyoanza Kashmir mwishoni mwa miaka ya 1980 yaliwanyamazisha bhand kwa muda mrefu. Hata hivyo M.K. Raina, mwongozaji mzaliwa wa Srinagar, alifanya kazi nao Akingam hadi wakaigiza Badshah Pather, iliyotokana na King Lear ya Shakespeare. Uteuzi huo ulikuwa wa busara, kwani mfalme aliyepotoka, akifuatwa na mchekeshaji anayethubutu kumwambia ukweli, si mgeni kwa bhand.

Namwomba mwandishi wenu airudie mada hii na kusimulia angalau mchezo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ningependekeza Gosain Pather, ambamo waigizaji Waislamu humcheza mtawa wa Kihindu.

Wako,
Msomaji, Tanga