Barua kwa Mwanangu: Ukurasa wa Nne

Mwanangu,

Salamu. Sisi huku wazima, ila mama yako magoti hayajatulia tangu mvua zianze. Rasimu yako juu ya Jaji Ulric Cross, yule mwanaanga wa Vita Kuu ya Pili, ilifika kwa basi la Jumanne, haina hata mkunjo. Jana uliponipigia kuniuliza nimeionaje, ukadhani simu imekatika. Haikukatika. Niliizima mimi, kwa sababu nilikuwa nimeshafika ukurasa wa nne.

Mama, uufute ukurasa huo kabla hujapanda ndege ya Uingereza Jumamosi.

Umeandika kwamba baba yako, akiwa tarishi Mahakama Kuu, alikuwa akimpelekea Jaji Ulric Cross majalada, na kwamba siku moja Jaji alimsimulia jinsi ndege yao ilivyorudi kutoka Ujerumani kwa injini moja. Ndivyo nilivyokuwa nikiwasimulia, sikatai. Lakini majalada ya Jaji alikuwa akiyapeleka mwenzangu, sasa marehemu, niliyekuwa nikila naye mihogo jioni baada ya kazi. Habari alinipa yeye, na yeye sijui alizitoa kwa Jaji au kwa makarani wa masijala. Mimi Jaji nilimwona akipita barazani, basi. Nilianza kusema "aliniambia" mlipokuwa wadogo, mkanogewa, nami sikurudi nyuma. Sikuwaza kwamba siku moja maneno yale yatachapwa na kupewa namba ya ukurasa.

Sasa tazama yalikokupeleka. Kwa kuwa mimi nilisema rubani, nawe umeandika rubani mara sita. Cross hakuwa rubani. Ndege yao, Mosquito ya mabomu, ilipakia watu wawili, rubani na mwongoza njia, na yeye ndiye aliyekuwa mwongoza njia, mwenye ramani na hesabu za dakika, usiku, juu ya nchi ya adui. Kosa la kumwita mtu wa Jamaica ni lako mwenyewe, hilo silibebi. Kikosi chake, cha 139, kiliitwa Jamaica kwa sababu watu wa Jamaica walichanga fedha za kununulia ndege za vita. Yeye alizaliwa Port of Spain, Trinidad, mwaka 1917. Mtu akisoma kosa kama hilo ukurasa wa pili, hafiki wa tatu.

Lakini swali lako ni zuri, na sijasikia mtu mwingine akiliuliza hapa kwetu: ilikuwaje mtu mwenye nishani mbili za vita, DFC na DSO, akaja kuketi kwenye kiti cha Jaji Dar es Salaam mwaka 1967, akakaa hadi 1971, na sisi leo hatulijui jina lake? Sehemu hiyo nimemsomea mama yako kwa sauti. Jirani yetu mwalimu aliiazima, kairudisha leo tu.

Basi usiiharibu kwa maneno ya baba yako. Habari ya injini moja Cross aliisimulia mwenyewe uzeeni. Mnukuu yeye. Halafu hata yeye umtafutie karatasi. Ukifika Hifadhi ya Nyaraka ya Uingereza pale Kew, London, omba vitabu vya kikosi, fungu la AIR 27. Fomu 540 ni muhtasari wa mwezi. Unayoitaka wewe ni 541, inayotaja kila ndege, walioipanda, saa ya kuruka na saa ya kutua. Soma mwezi kwa mwezi, kituo kwa kituo, Marham, kisha Wyton, kisha Upwood, uhesabu kila mstari wenye jina lake. Watu wote wanasema safari 80, wakati zamu ya kawaida ilikuwa 30. Usiandike 80 mpaka umehesabu. Kadi za ajali za ndege, Fomu 1180, haziko Kew, ziko makumbusho ya Jeshi la Anga kule Hendon, usije ukapoteza siku nzima kuziulizia mahali pengine. London Gazette, gazeti la serikali yao, itakupa tarehe ya nishani, lakini kwa nini alipewa utakuta kwenye pendekezo la wakubwa wake. Na jalada lake binafsi la utumishi, andikia familia sasa hivi, kwa heshima, uombe idhini. Alifariki 2013, na kabla ya miaka 25 kupita tangu kifo hutapewa mengi bila wao. Hilo ulipaswa kulifanya mwezi wa tatu, nilikwambia.

Ukiruhusiwa kukiona kitabu cha safari cha mwanaanga yeyote wa wakati ule, angalia rangi ya wino. Nyekundu ni safari ya vita ya usiku, kijani ni ya mchana.

Katika zile 541 utakutana na ndege zilizoruka na saa ya kutua haipo. Kamandi ya Mabomu ya Jeshi la Anga la Uingereza ilipoteza watu 55,573, katika kama 125,000. Usizipite haraka hizo kwa sababu jina unalolitafuta halimo. Na lile bomu lenye uzito wa pauni 4,000 ulilolisifia, lilikuwa likiangukia nyumba zenye watu. Liseme hivyo, bila mapambo.

Mchwa wamerudi chumba cha uani. Fundi anataka tubomoe fremu ya mlango, nimemwambia asubiri mwisho wa mwezi. Ni chumba kile kile lilimokuwa sanduku la babu yako, lenye karatasi zake za KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, na barua moja ya kutoka Burma. Uliwahi kuniuliza zilikwenda wapi, nikakujibu kwamba shangazi yako alizichukua. Shangazi yako hakuchukua kitu. Ufunguo ulikuwa kwangu, na nilikaa miaka minne sijalifungua.

Dada yako amelipiwa ada, usitume tena, ile hela nunua koti huko huko. Mabati ya jikoni yatangoja. Mama yako anasema usiache kula asubuhi ati kwa sababu ya kuwahi maktaba.

Kew hawaruhusu kalamu ya wino, ni penseli tu. Nimekununulia sita na kuzichonga, zinakuja na basi la kesho pamoja na barua hii na rasimu yako. Ukurasa wa nne nimeupiga mstari kwa penseli hizo hizo, kona hadi kona. Ukishauandika upya, unisomee kwenye simu kabla ya Jumamosi. Safari hii sitaizima.

Baba yako